Bolti za Pikipiki ya Mwinjilisti

Wapendwa, kaeni vizuri, na ninyi wa nyuma mnaoegemea ukuta msinilalie. Somo la leo limeshasomwa, na limesomwa vizuri, kwa hiyo sitalirudia. Nataka niwapeleke kwa fundi pikipiki.

Namwona Mzee Ngailo ameanza kutabasamu, maana wanajua yeye na fundi wake wanavyohangaika na ile pikipiki yake. Mzee, si wewe. Na watu wa mfano huu siwapi majina, kwa sababu nikitaja jina moja tu, nusu ya kanisa itaacha kunisikiliza ianze kutafuta ukoo. Ni mfano. Nimeutunga jana nikiwa namenya viazi, mke wangu shahidi.

Kulikuwa na fundi mmoja, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwenye kibanda chake pembeni mwa soko la viazi. Fundi hasa. Pikipiki ikija kwake inakohoa, inaondoka inaimba. Kasoro yake ilikuwa moja tu, hasira zake zilikuwa karibu. Wateja walimzoea. Ukimkuta anapiga mluzi, msogelee, ongea naye, hata bei atakupunguzia. Ukimkuta amenyamaza, mwachie funguo uende zako.

Sasa Jumatatu moja asubuhi, ukungu bado haujainuka, likaja trekta na tela lake. Ndani ya tela imelazwa pikipiki ya zamani juu ya majani makavu, kama ndama mgonjwa, na pembeni yake ameketi bibi mmoja kwenye kigoda, amejitanda shuka kwa baridi. Fundi akaacha alichokuwa anakifanya. Yule bibi alikuwa mama yake mzazi. Na pikipiki aliitambua kabla hata haijashushwa, maana ilikuwa ya marehemu baba yake.

Baba huyo alikuwa mwinjilisti. Miaka ishirini na ushee aliipanda pikipiki ile kwenda kwenye mitaa ya mbali, mvua na jua, sanduku la vitabu vya nyimbo limefungwa nyuma kwa mpira. Fundi mwenyewe kazi alijifunzia kwenye chombo hicho hicho. Baba alipofariki, pikipiki ilibaki nyumbani, na nyumbani anakaa kaka yake mkubwa fundi, mkulima wa viazi. Akaiingiza stoo. Miaka mitatu imekaa humo.

Na ilikaa karibu na nini? Haya, nisikilizeni ninyi wakulima. Ilisimamishwa ubavu kwa ubavu na mifuko ya mbolea. Mnacheka! Mnacheka kwa sababu mnajua. Jembe tu ukilisahau juu ya mfuko wa mbolea msimu mmoja, ukija kulichukua unaokota mpini. Sasa ile pikipiki miaka mitatu ilikuwa inavuta hewa ya chumvi. Kila nati ilikuwa imeota kutu nene, nyekundu, hujui nati inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi.

Mama akashushwa, akasalimiwa, akapewa chai. Alipomaliza kikombe akaeleza shida yake. Jumamosi ya wiki ile walikuwa wanajengea kaburi la mzee. Zege linamwagwa, msalaba unasimikwa, mchungaji anakuja. Na yeye mguu wake umevimba, mlima ule wa makaburini haupandi tena kwa miguu. Akasema atakwenda juu ya pikipiki ya mume wake, na atakayemwendesha ni mwanawe huyu fundi.

Fundi akamjibu kwa heshima zote kwamba kuitengeneza ataitengeneza, bure, usiku na mchana. Ila kuendesha amtafute mtu mwingine. Yeye kwenye kaburi lile hapandi kama kaka yake yupo. Mama hakubishana naye. Aliomba kikombe cha pili.

Mtaniuliza, mchungaji, kuna nini kati ya hawa ndugu? Kuna mazishi. Siku baba yao alipozikwa, fundi alikuwa akifanya kazi mkoa mwingine. Alipata habari, akapanda basi usiku huo huo, na basi likakata springi njiani. Yeye mwenyewe, na suruali yake ya msiba, alilala chini ya lile gari akisaidiana na dereva. Alipofika makaburini, watu walikuwa wanashuka. Kaburi limeshafukiwa, mashada yamepangwa. Hakuuona uso wa baba yake, na hakutupa ule udongo wake wa kiganja kimoja ambao kila mtoto anautupa. Mnaelewa uzito wake. Hapa kwetu hata mtoto wa mgongoni anashikishwa udongo na mama yake autupe.

Basi akasimama pale pale, mbele ya wazee, akamwambia kaka yake neno baya sana. Alimwambia, "Wewe umemzika baba yako. Wangu bado hajazikwa." Kisha akaondoka bila hata kuonja maji ya msiba. Baadaye akahamishia kibanda chake huku karibu, maili sita tu kutoka nyumbani, lakini nyumbani kwenyewe hakanyagi. Mama ndiye huwa anakuja kwake.

Tangu siku hiyo kila mmoja aliapa lake. Mdogo alisema, mpaka kaka aje aniombe radhi kwa kutonisubiri. Mkubwa akasema, mpaka yeye aje aniombe radhi mbele ya wazee wale wale alionitukana mbele yao. Wakikutana sokoni, mmoja anahesabu viazi na mwingine anatazama mawingu. Na shikamoo, wapendwa, shikamoo ya mdogo kwa mkubwa, ambayo hata adui unampa, hiyo nayo ilikufa. Miaka mitatu.

Turudi kibandani. Ile injini ilikuwa imeng'ang'ana ndani, haizunguki. Ili aifungue lazima kwanza aishushe, na ili aishushe lazima bolti nne zinazoishikilia zitoke. Bolti nne tu. Siku ya kawaida, ni kazi ya dakika kumi.

Lakini fundi siku ile hakuwa anapiga mluzi. Kila alipoitazama kutu alimwona kaka yake. Alikuwa akinung'unika kwamba mtu mzima mwenye akili timamu anawezaje kuweka chombo cha marehemu karibu na mbolea, na kwamba hiyo ndiyo heshima aliyompa baba. Akatia spana kwenye bolti ya kwanza, akavuta. Kimya. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamsimama. Kimya. Akachukua bomba refu la maji, akalivika kwenye mkono wa spana ili apate nguvu, akaweka mguu ukutani, akavuta kwa hasira zote za miaka mitatu. Tak! Bolti ikakatika kichwa. Fundi akaangukia matakoni kwenye oili chafu, na spana ikaruka mpaka kwa muuza chipsi wa jirani.

Mama akamtazama. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda chake, anachambua maharage kwenye ungo. Akamuuliza kwa upole kama hiyo ndiyo namna yake ya kufungua bolti za wateja. Fundi akaona haya. Alijua vizuri kabisa alichokosea. Fundi mwenzake angekuwepo angemnyang'anya spana, maana hakuna fundi anayeianza bolti yenye kutu kwa bomba.

Basi akatulia. Akanawa uso. Akachukua brashi ya waya akazisugua zile tatu zilizobaki mpaka zikaonyesha sura. Akazimiminia dizeli iliyochanganywa na oili, polepole, tone kwa tone, akaziacha zinywe. Mchana akarudia. Jioni akarudia. Akaigongagonga kila moja kichwani kwa nyundo ndogo, si kwa kuipiga, ni kama unamwamsha mgonjwa ale. Akafunga kibanda, akampeleka mama kulala kwake yeye fundi.

Jumanne asubuhi, mama akarudi naye na ungo wake. Fundi akaipasha bolti ya pili moto kidogo, akatia spana. Na mama, ambaye ameishi na pikipiki ile zaidi ya miaka ishirini na anajua kufungua ni upande gani, akaona mwanawe anavuta upande usio wenyewe.

"Mwanangu," akasema, "mbona unaikaza, na wewe unataka itoke?"

Fundi akacheka. Hapo alikuwa kwenye eneo lake, na fundi akiulizwa kazi yake anasahau hata njaa. Akamwambia, "Mama, hii imekamatwa na kutu. Ukiivuta moja kwa moja upande unaotaka wewe, inashindana na wewe, na ukizidisha nguvu inakatika kama ile ya jana. Kwa hiyo kwanza unaipa upande wake. Unaikaza kidogo tu, unywele. Kutu ikishavunjika kule, unairudisha huku, inakuja yenyewe."

Akakaza unywele. Krrii. Akarudisha. Ikaja. Robo mzunguko, nusu, akaongeza dizeli, akairudisha nyuma kidogo, akaivuta tena, na bolti ya miaka mitatu ikatoka nzima mkononi mwake, bado ina joto. Fundi akaanza kupiga mluzi.

Mama aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa nje.

"Kumbe unajua," akasema.

"Najua nini, mama?"

"Hiyo kazi. Mimi nilidhani huijui."

Aliendelea kuchambua maharage. Na fundi naye, mluzi ukamkauka mdomoni.

Alitoa bolti ya tatu. Akatoa ya nne. Kwa ile iliyokatika akamwita mtu wa kuchomelea, akabandikiwa nati juu ya kisiki chake, ikatoka kwa taabu. Injini ikashuka. Na alipokuwa ameishika injini ya baba yake mapajani, akamuuliza mama yake swali ambalo kwa miaka mitatu hakuwahi kumuuliza mtu. Alimuuliza siku ile ilikuwaje.

Mama akamweleza. Kwamba mvua ilikuwa imeanza. Kwamba kaburi lilikuwa linaingia maji, na vijana walikuwa wanayachota kwa ndoo. Kwamba wazee walitaka kuzika saa nane, na kaka yake akasimama kwenye mdomo wa kaburi akawazuia, masaa matatu, akiwaambia mdogo wangu yuko njiani. Na kwamba walipokuja kumwambia jeneza litaelea, ndipo akainamisha kichwa akasema haya.

Fundi akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akafanya kazi mpaka jua likazama, na kesho yake, Jumatano alasiri, pikipiki ya mwinjilisti ikawaka. Ilitoa moshi mweusi wa kufukuza soko zima, ikakohoa, ikatulia, ikaanza kuzungumza kwa ile sauti yake ya zamani. Mama alikaa akaisikiliza huku ameshika shavu. Alifurahi mno, akasema sasa hata mguu haumuumi sana.

Alhamisi fundi akaipanda, peke yake, akaenda kwa kaka yake. Alimkuta mbele ya stoo anachagua mbegu za viazi. Kaka aliisikia pikipiki kabla ya kuiona. Wapendwa, jaribuni kufikiri moyo wa mtu anayesikia injini ya marehemu baba yake inapanda njia ya nyumbani. Alisimama na kiazi mkononi.

Fundi alikuwa na hotuba kichwani. Hotuba ya miaka mitatu, ameipanga, ameinoa, inaanza na basi na inaishia kwenye mbolea. Akazima pikipiki, akashuka, na ile hotuba yote akaiacha pale pale kwenye kiti.

"Shikamoo, kaka."

Kaka hakujibu. Akamtazama tu. Fundi akaendelea, akasema, "Mama kaniambia kuhusu yale maji. Na kuhusu yale masaa matatu. Ulifanya la mkubwa. Hata mimi ningekuwa wewe, ningezika."

Basi. Hakuomba kingine.

Yule kaka kiazi kikamtoka mkononi. Akasema, "Marahaba." Ilitoka kwa shida, ilikwaruza, ila ilitoka. Kisha akageuka akaingia stoo. Fundi akasikia mifuko ya mbolea inaburutwa. Akafikiri, haya, ameniacha hapa, amerudi kwenye kazi zake. Akawa anajiandaa kuwasha pikipiki aondoke.

Kaka akatoka. Mkononi ana kopo la maziwa ya unga, kuukuu, limeliwa na kutu pembeni, mdomo wake umefungwa kwa nailoni. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Ni udongo wa siku ile," akasema. "Niliuchota kabla hawajafukia. Nilisema ukifika utautupa wewe mwenyewe. Ukafika na lile neno lako. Nikaapa kwamba sikupi mpaka uniangukie."

Fundi akalishika lile kopo. Akauliza, "Miaka mitatu, kaka?"

"Miaka mitatu. Kila nikiingia kuchukua mbolea naliona."

Wakalia, wanaume wazima, kati ya viazi. Halafu kaka akauliza kama pikipiki inakula oili, na fundi akamwambia inakula kidogo, na akamwomba mbolea aisogeze mbali na chuma. Wakacheka. Mke wa kaka akatoka kuona nani anacheka, akarudi jikoni haraka kuongeza ugali.

Jumamosi ikafika. Mama alipanda mlima wa makaburini juu ya pikipiki, ameshika kiuno cha mwanawe, ameketi wima kama mke wa mwinjilisti. Mafundi ujenzi walikuwa tayari, zege limeshakorogwa, na zege mnalijua halipendi kusubiri. Mmoja akainua ndoo amwage. Kaka mkubwa akanyoosha mkono akamzuia. Akasema kwa sauti, mbele ya wazee wale wale, "Subirini. Mdogo wangu hajatupa udongo."

Na safari hii wakasubiri. Fundi akafungua kopo, akamimina kiganjani, akautupa.

Sasa ninyi mmenikazia macho, naona kila mmoja amefurahi, na mimi nimefurahi. Lakini niwaulize. Nani aliomba msamaha hapo? Mmesikia neno samahani likitamkwa? Halikutamkwa. Kila mmoja alikuwa ameapa hatatikisika mpaka alisikie, na siku walipopatana hakuna aliyekumbuka kulidai. Walichohitaji ni mmoja wao ampe mwenzake unywele wa upande wake. Kumwambia, ndugu yangu, hapo ulipokuwa umesimama, hata mimi ningesimama hapo. Je, ni kazi ngumu hiyo? Sisi tunaijua. Sokoni tunaijua vizuri sana, mteja akinuna tunamwambia kweli mama, bei imepanda, una haki ya kulalamika, na anafungua pochi. Ni nyumbani tu tunakokwenda na bomba.

Lakini nilipofika hapa jana, viazi vimeisha kumenywa, nikagundua kwamba fundi siye aliyenisumbua. Mnajua nani amenisumbua? Yule kaka. Mtu mwema yule. Alisubiri kwenye mvua. Alimpenda mdogo wake mpaka akakumbuka kumchotea udongo. Na kile kitu ambacho mdogo wake alikililia miaka mitatu alikuwa nacho stoo, hatua tatu kutoka mlangoni, akakizuia. Hakukizuia kwa ubaya. Alikizuia kwa sababu alikuwa anasubiri aangukiwe kwanza. Wangekufa hivyo, ndugu zangu. Kuna siku mmoja angekufa, na lile kopo mtu angelitupa jalalani akidhani ni takataka.

Kwa hiyo sihubiri kwa wakosaji leo. Wapumzike. Nahubiri kwetu sisi tulio wema, tuliokosewa kweli, tulio na haki yetu mkononi. Sisi tunaokaa viti vya mbele. Una kopo la nani? Kuna neno moja ambalo mke wako amelingoja tangu mwaka juzi, unalo, liko tayari, ni fupi, umelificha nyuma ya mifuko. Kuna mtoto wako anangoja umwambie umeridhika naye. Kuna jirani yako anangoja tu umwitikie. Unasema, mpaka aje. Mimi mwenyewe niliyesimama hapa ninalo la mtu, na mke wangu anajua ni la nani, ndiyo maana ananitazama hivyo.

Tutaimba wimbo mmoja, mfupi, halafu mwende. Na nyumba yoyote ambayo mtu atachelewa chakula cha mchana leo kwa sababu alipita kwa ndugu yake kwanza, asinuniwe. Mwekeeni ugali wake, mfunike. Na mke wangu, wangu nao ufunike.